Chupa ya Mzunguko wa Pili

Asubuhi ya siku ya mchujo nilikuwa jikoni nikijaza chupa. Nilikuwa nimezipanga nane mezani, nne zenye utepe mwekundu za Dada, nne zenye utepe wa kijani za Kijiti. Kila moja nilitia maji hadi nusu tu, chumvi kidogo na sukari vijiko viwili. Hadi nusu, kwa sababu mtu anayepanda mlima kwa baiskeli anausikia kila uzito, hata wa maji. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu klabuni. Kuendesha niliwahi kujaribu mara moja, nikaanguka mbele ya watu, watu wakacheka mpaka wakaketi chini. Nikaona bora chupa.

Klabuni waliniita Bubu. Si kwamba siwezi kuongea. Naongea sana, ila kichwani. Maneno yakifika mdomoni yanakuta mlango umefungwa.

Kijiti alikuwa msichana wa miaka kumi na sita, mwembamba kama jina lake, na alipanda milima kama vile mlima umemkosea. Mama yake alikuwa anafua shuka za hospitali, na Jumamosi ya mchujo ilikuwa siku yake ya zamu, kwa hiyo Kijiti hakuwa na mtu wa kumsimamia kwenye kituo cha maji. Kocha akaniita: "Bubu, utawapa wote wawili, dada yako na Kijiti. Wewe huna upande, na maneno huna. Nakuamini." Nilirudi nyumbani siku hiyo nikitembea kwa maringo. Kocha hamwamini mtu hovyo.

Dada aliingia jikoni akifunga nywele.

"Umetia chumvi?"

"Nimetia."

"Za yule pia?"

"Zote sawasawa."

Akavuta kiti, akaketi, akawa anazitazama zile chupa. Dada alikuwa na miaka kumi na saba, na huo ulikuwa mwaka wake wa mwisho katika kundi la wasichana. Msichana mmoja tu angechaguliwa siku ile kwenda ng'ambo, kwenye mashindano ya baiskeli za milimani ya nchi zaidi ya thelathini. Mwaka wa kwanza Dada aliikosa nafasi kwa sababu mnyororo ulikatika. Mwaka wa pili alikuwa wa tatu. Na sasa miezi miwili mfululizo, kila mazoezi, Kijiti alimwacha kwenye mlima.

"Leo Kijiti atashinda," akasema, kama anayesoma tangazo.

Nikaendelea kufunga vifuniko.

"Bubu, nakuambia wewe. Mzunguko wa pili, achia mapema."

Nilimwelewa mara moja, maana hayo ni mambo ya kazi yangu. Chupa unaishika shingoni kwa gumba na vidole viwili, mkono umeunyoosha, unakimbia na mwendeshaji hatua nne au tano. Yeye anakuja kwa kasi, ameondoa mkono mmoja kwenye usukani. Huachii mpaka umesikia mkono wake ukivuta. Ukiachia kabla hajavuta, chupa inagonga vidole vyake na kuanguka, na kila anayetazama ataapa kwamba ni yeye aliyeshindwa kuishika.

"Atakuwa na kiu," nikasema.

"Atapunguza mwendo, basi. Kwani nani kafa kwa kiu ya dakika ishirini?" Akainama karibu yangu. "Nani alikuwa anakuombea ruhusa ya kwenda msalani shuleni, wewe unalia nyuma ya mlango? Nani alikuwa anakununulia daftari kwa sababu unamwogopa muuza duka? Miaka yote nimekuwa mdomo wako. Leo nakuomba vidole viwili tu."

Akainuka, akachukua chupa yake ya kuanzia, akatoka.

Njia ya mashindano ilikuwa kwenye kilima nyuma ya machimbo ya kokoto. Unapanda kwenye mizizi na vumbi, unazunguka juu, halafu unashuka kwenye mawe tuliyoyaita Ngazi, ambako hata wanaume wakubwa hushuka na kukokota baiskeli. Mizunguko ilikuwa minne. Jua la siku ile lilikuwa kali mpaka utepe wa njia ulikuwa unanuka plastiki.

Mzunguko wa kwanza Kijiti alifika kituoni mbele ya wote. Nikakimbia naye, akavuta, nikaachia. "Asante, mdogo wangu," akasema akihema. Wengine wote huchukua na kwenda. Yeye siku zote husema asante, hata kwenye mazoezi. Dada alikuja nyuma yake, sekunde ishirini hivi. Akachukua yake bila kunitazama.

Mzunguko wa pili Kijiti alikuja akiwa ameongeza pengo. Nilinyoosha mkono. Nilikimbia hatua nne kama kawaida. Nikazisikia kucha zake zikigusa plastiki, na hapo hapo nikaachia.

Chupa ilidunda mara mbili, ikabingirika chini ya utepe. Kijiti aligeuza kichwa, mguu mmoja chini, lakini mwamuzi alishapuliza filimbi. "Hakuna kurudi nyuma! Ukirudi umetoka!" Akakanyaga pedali, akaenda. Mtu nyuma yangu akasema, "Ah, yule mtoto naye, chupa tu!" Dada alipofika nilimpa yake vizuri kabisa. Akanikonyeza.

Nilijiambia mzunguko wa tatu nitarekebisha. Nilitaka kurekebisha, nakuapia. Nilikimbia hatua saba badala ya tano. Lakini Kijiti wa mzunguko wa tatu hakuwa yule wa kwanza. Midomo ilikuwa myeupe, na aliurusha mkono kama mtu anayenyang'anya, kama vile chupa itamkimbia tena. Kiganja kikaipiga kabla sijafungua vidole. Ikaruka, ikapasukia kwenye jiwe.

"Mikono, jamani! Mikono!" watu wakapiga kelele, wengine wakicheka.

Huko juu mlimani mama mmoja mtazamaji alimwonea huruma, akamnyooshea maji yake ya kunywa. Kocha akapaza sauti kutoka chini: "Usimpe! Nje ya kituo ni marufuku, atatolewa!" Yule mama akarudisha mkono. Kijiti akapita, akiyatazama yale maji mpaka yakabaki nyuma.

Alianguka kwenye Ngazi, mzunguko wa mwisho. Mimi sikuona, nilisikia filimbi tatu. Walioona walisema alikuwa anayumba tangu juu, macho yamemlegea, na kwamba alipofika kwenye jiwe la pili hakufunga breki wala hakukwepa, alikwenda tu. Walisema pia kwamba Dada alipofika alishuka, akainua baiskeli yake, akaivusha juu ya gurudumu la Kijiti lililokuwa bado linazunguka, akaendelea. Alimaliza wa kwanza, mikono juu.

Kijiti walimleta kwenye hema la huduma ya kwanza, mfupa wa mtulinga begani umevunjika, vumbi limemganda usoni. Nilikuwa nimesimama mlangoni na kikapu changu cha chupa. Aliniona.

"Mdogo wangu, njoo. Wewe ulikuwa karibu. Nilikosea wapi?"

Kocha alikuwa pale, muuguzi pale, wasichana wa klabu wamejaa mlangoni. Na Dada nyuma yao, na medali.

"Ulishika vibaya," nikasema.

"Mara zote mbili?"

"Mara zote mbili."

Akaitikia kwa kichwa polepole. Kisha akauinua mkono wake mzima, akautazama, mbele na nyuma, kama kitu alichoazimwa.

Kocha alikuwa na hasira, kwa sababu alimtegemea. Akasema pale pale, mbele ya wote, "Miguu ya bingwa wa dunia, mikono ya sabuni. Mtoto wa mfua nguo kweli." Wasichana wakaangua kicheko. Jina likashika siku hiyo hiyo. Kwenye gari la kurudi wakawa wanarushiana machungwa na kuyaangusha makusudi. "Mikono Sabuni, daka!" Puu. "Jamani msimpe kijiko hospitalini, kitamponyoka!" "Muuguzi amlishe!" Nami nilicheka. Nilicheka kidogo, lakini nilicheka, na ilikuwa mara ya kwanza waliponisogezea nafasi ya kukaa katikati yao.

Siku ya nne Kocha akatupeleka wodini kumwona. Tulisimama kuzunguka kitanda dakika kumi, tukaweka matunda, mmoja akauliza kama amejaribu kushika kikombe, wengine wakaficha vicheko kwenye viganja. Kijiti naye akatabasamu. Walipotoka, mimi nilikuwa wa mwisho, na mama yake akanishika bega. Alikuwa ametoka kufua, mikono ya gauni imelowa mpaka kwenye viwiko.

"Mwanangu, wewe ndiye unayewapa maji, sivyo? Hebu nisaidie. Huyu halali. Anataka nimrushie chupa asubuhi na jioni, na mimi sijui zinavyoshikwa. Nifundishe, nimfundishe."

Chini ya mto kulikuwa na chupa. Yenye utepe wa kijani. Kijiti akakaa kitako, mkono mmoja umefungwa kifuani, akanyoosha ule mwingine.

"Pita nayo tu hivi, kama unakimbia," mama akaniambia.

Nikapita kando ya kitanda. Akavuta, nikaachia. Akaishika. Nikarudia. Akaishika. Mama yake akawa anahesabu kwa sauti, na furaha inampanda kila namba. Saba. Nane. Alipofika kumi, furaha ikamwishia ghafla. Akaitazama chupa, akanitazama mimi.

"Mbona anajua?" akasema.

Nikautazama ule utepe wa kijani.

"Niliachia mapema," nikasema. "Mzunguko wa pili. Makusudi. Dada aliniambia."

Mama Kijiti hakunipiga. Nilitamani anipige. Alichukua shuka lililokuwa kitini, akaanza kulikunja, pembe kwa pembe.

Kijiti akauliza, "Na mzunguko wa tatu?"

"Mzunguko wa tatu nilikupa kweli."

"Sikuweza kujua," akasema. "Siku nne nimelala hapa naichukia mikono yangu. Nilikuuliza, mdogo wangu. Nilikuuliza wewe, si mtu mwingine."

Akajigeuza ukutani, polepole, kwa sababu ya mfupa.

"Maneno hayo," mama yake akasema, "utakwenda kuyarudia mbele ya kocha wenu. Leo. Mimi ukiniambia, nitalia tu, na kulia hakumsaidii mwanangu."

Nilikwenda. Kocha alikuwa kwenye stoo ya klabu na Dada, wanapima kiti cha baiskeli ya kwendea ng'ambo. Nilisema yote nikiwa naangalia gurudumu.

Dada akacheka. "Nani anasema? Huyu? Huyu hata chumvi dukani haendi kununua, leo ana hadithi? Kocha, ana homa."

Kocha alinitazama muda mrefu. Kisha akasukuma baiskeli nje, akapanda. "Simama pale. Nipe kama ulivyompa."

Akazunguka uwanja, akaja kwa kasi. Nilikimbia hatua nne. Kucha zikagusa plastiki. Nikaachia.

Chupa ilipoanguka, Kocha hakurudi mara moja. Alisimamisha baiskeli mbali, mgongo kwetu, akiuangalia mkono wake. Aliporudi sauti ilikuwa imekauka.

"Miaka kumi na tisa napokea chupa. Nimekuja nikijua utaiachia mapema, na bado nimehisi kosa ni langu." Akamgeukia Dada. "Ulimwambia?"

"Ulikuwa utani," Dada akasema. "Nilimtania asubuhi. Nani alimwambia afanye kweli?"

Hapo ndipo nilipoumia kuliko siku zote. Dada alisema kwa wepesi sana, macho yake yakiwa kwangu, bila hata kupepesa.

Jina la Dada likafutwa jioni hiyo hiyo, akafungiwa mwaka mzima. Kocha akaandika jina la Kijiti, akaambatanisha barua ya daktari kwamba mfupa utaunga kwa wiki sita, na mashindano yalikuwa baada ya wiki kumi. Kisha akawaita wasichana wote, akasimama mbele yao, akasema yeye ndiye aliyeanzisha lile jina la sabuni, na kwamba alimcheka mtoto aliyevunjika mfupa bila kuuliza lolote. Hakuna aliyecheka. Mimi nikaambiwa nitaosha chupa, lakini sitasimama tena kituoni.

Nyumbani Dada alinisubiri mlangoni. "Umeniua, Bubu. Miaka kumi na mitatu huongei, ukaamua kuongea siku hiyo?" Tangu hapo hajanisemesha. Akitaka kitu kilichopo karibu yangu, anamwambia Mama, na Mama ananiambia mimi, na sote tupo meza moja.

Siku ya mashindano tulitazama kwenye simu ya Baba, mimi, yeye na Mama. Dada alibaki chumbani. Wasichana sitini na kitu wakasimama kwenye mstari, jezi za rangi zote, na Kijiti wetu akaonekana pembeni. Alikuwa amebeba mfuko mgongoni.

"Kile nini?" Mama akauliza.

Ulikuwa mfuko wa maji, wenye mrija mrefu unaofika mdomoni. Lita mbili. Waliobaki wote walikuwa na chupa moja yenye maji nusu kwenye baiskeli, na wasaidizi wamejipanga kituoni, mikono imenyooshwa. Kocha naye alikuwa amesimama pale na chupa. Mzunguko wa kwanza Kijiti alimpita bila kumtazama. Wa pili vilevile. Kila mlima, ule uzito ulimvuta nyuma, na wasichana aliowaacha kwenye mteremko wakawa wanampita tena wakati wa kupanda. Mzunguko wa tatu Kocha hakunyoosha mkono tena. Alisimama tu.

Kijiti alimaliza wa thelathini na nane.

Baadaye Kocha akapiga simu. Baada ya kuzungumza na Baba akasema, "Nipe yule mdogo." Baba akanipa simu.

"Umeona?" akaniuliza.

"Nimeona."

"Bila ule mfuko angeingia ishirini bora. Nimemwomba wiki nzima auache. Nimemwambia mimi mwenyewe nitamshikia. Ananijibu, 'Nitabeba mwenyewe, Kocha.' Kwa heshima zote. Anasema hivyo hivyo kila siku." Nikasikia nyuma yake kelele za watu wa huko. "Sikiliza, mwanangu. Ulisema ukweli, na ukweli wako umemrudishia nafasi yake. Usije ukaona ulikuwa kazi bure. Lakini ulichelewa siku nne, na ndani ya siku hizo nne alikuuliza uso kwa uso ukamdanganya. Mfupa daktari ameuunga. Kumwamini mtu, hilo hatujapata wa kuliunga. Siku nyingine ukiombwa kumwumiza mtu, hata akikuomba unayempenda, kataa pale pale jikoni. Huwezi kusema kwa mdomo, tikisa kichwa. Inatosha. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Kocha."

"Na mimi nasema hayo nikijisema mwenyewe," akaongeza, akakata simu.

Nikaomba simu ya Mama. Niliandika nikafuta, nikaandika nikafuta, mpaka Mama akauliza kama naandika barua ya serikali. Mwisho nikaandika hivi:

"Dada Kijiti, ni mimi. Nimekuona mizunguko yote. Ulishuka yale mawe vizuri kuliko yule wa kwanza. Mikono yako haijawahi kuwa na kosa lolote. Kosa ni langu, la chupa na la hemani. Nisamehe ukiweza. Usipoweza nitaelewa."

Nikatuma. Tiki moja. Tiki mbili. Baada ya muda zikageuka bluu, na pale juu pakaandikwa kwamba anaandika. Nikaishika simu kwa mikono yote miwili. Halafu maandishi yale yakatoweka.

Hiyo ilikuwa Jumapili. Leo ni Alhamisi.